Elijah Lovejoy hakuuawa Kusini

Ukimwambia mtu kuwa Marekani iliwahi kuua mhariri wa gazeti kwa sababu ya kupinga utumwa, mawazo yake yanakimbilia Kusini, kwenye mashamba ya pamba. Sivyo. Elijah Lovejoy aliuawa tarehe 7 Novemba 1837 mjini Alton, Illinois, jimbo lisiloruhusu utumwa.

Jimbo la watumwa, Missouri, lilikuwa ng'ambo tu ya mto Mississippi, na huko ndiko alikotoka akikimbia. Mwaka 1836 kundi la watu wa St. Louis lilimchoma moto Francis McIntosh, mtu mweusi huru, akiwa hai. Lovejoy alilaani vikali kitendo hicho gazetini, ofisi yake ikavunjwa. Akavuka mto.

Eti alikuwa mpinzani mkali wa utumwa tangu mwanzo? Hapana. Awali alitaka uondolewe polepole, na aliwakosoa waliodai ukomeshwe mara moja. Msimamo wake ulikazwa na waliotaka kumnyamazisha.

Tena hawakuwa wahuni wa vijiweni peke yao. Kwenye kundi lililomshambulia Alton walikuwemo hata madaktari. Mitambo yake mitatu ya kuchapia gazeti ilikuwa imeshaharibiwa hapo mjini. Wa nne ukaletwa usiku kwa meli na kufichwa kwenye ghala la mawe kando ya mto. Washambuliaji wakaegemeza ngazi ukutani ili walitie moto paa. Lovejoy akatoka kuisukuma ngazi, akapigwa risasi tano. Mtambo ukatupwa nje kupitia dirishani, ukapondwa kwa nyundo, vipande vikatoswa mtoni.

Kuna jambo ambalo hata wanaomsifu hulipitia haraka: Lovejoy na wenzake waliolinda mtambo ghalani walikuwa na bunduki, na mshambuliaji mmoja, Lyman Bishop, alikufa kabla yake. William Lloyd Garrison, mpinga utumwa mwenzake, alisikitika kwamba walishika silaha. Mimi siwezi kumlaumu mtu aliyeharibiwa mitambo mitatu.

Haki je? Januari 1838 walishtakiwa washambuliaji na watetezi pia. Wote wakaachiwa.

Na heshima haikuja upesi. Alizikwa tarehe 9 Novemba, siku ambayo angetimiza miaka 35, bila jiwe wala jina. Mnara wake Alton ulijengwa 1897. Tuzo ya wanahabari jasiri yenye jina lake, ya Chuo cha Colby alikosoma, ilianza 1952. Kipande cha ule mtambo kiliopolewa mtoni mwaka 1915.