Seva ya Nyumbani Haikukingi Intaneti Ikizimwa, na Dhana Nyingine Ninazozisikia kwa Wateja

Tangu intaneti ilipozimwa Tanzania siku ya Uchaguzi Mkuu, Oktoba 29, 2025, ikaanza kurejea siku tano baadaye, kazi yangu ya kufunga mitandao ya majumbani imeniletea wateja wa aina mpya. Hawaulizi tena namna ya kufikisha waifai chumba cha nyuma. Wanakuja na kompyuta ndogo waliyokwisha kuinunua, pamoja na sentensi moja ambayo nimeisikia mara nyingi kiasi cha kuweza kuimalizia kabla mwenyewe hajafika katikati: "Fundi, nataka seva yangu mwenyewe nyumbani, ili siku wakizima tena mimi niendelee." Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya, kwa sababu imebeba kosa ambalo huwagharimu watu fedha na, baya zaidi, huwapa matumaini yasiyo na msingi.

Tuchukue familia yenye seva, yaani kompyuta inayowaka muda wote ili kuihifadhia picha na nyaraka, sebuleni Tabata, Dar es Salaam, na baba aliyesafiri kwenda Dodoma. Anapofungua picha kwenye simu, ombi lake linapita kwanza kwa kampuni yake ya simu, linavuka hadi kwa mtoa huduma wa faiba aliyeiunganisha nyumba, kisha ndipo linaifikia ruta iliyo ukutani kwake. Katika safari yote hiyo anamiliki ncha mbili tu, simu na ruta. Kila kilicho katikati ni mali ya watoa huduma, na uzimaji hufanyika hapo hapo kwao. Umiliki wa diski hauna uhusiano wowote na jambo hilo. Siku ya kuzimwa, baba wa Dodoma hataiona seva yake ya Tabata, kama ambavyo hataziona picha za jirani yake aliyezihifadhi kwenye wingu la kampuni ya kigeni.

Kinachobaki hai ni kilicho ndani ya nyumba, nacho si kidogo. Mama na watoto walio Tabata wataendelea kutazama video zilizo kwenye seva, kufungua nyaraka, na kusoma Wikipedia nzima ya Kiswahili iliyopakuliwa mapema kwa programu ya Kiwix, bila kuhitaji hata chembe ya bando. Ila hata hilo halitokei lenyewe. Nimeshuhudia nyumba ambako seva ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa na hakuna aliyeweza kuifungua, kwa sababu jina lake lilikuwa linatafsiriwa na DNS, huduma inayogeuza majina ya mtandaoni kuwa anwani za namba, iliyo nje ya nchi. Nimeshuhudia pia simu ambazo, zikigundua kwamba waifai haina intaneti, huiacha kimyakimya na kuhamia data ya simu, ambayo nayo imekufa. Halafu kuna kamera za ulinzi zinazorekodi kwenye kadi iliyo ndani yake lakini haziwezi kukuonyesha ulichorekodi mpaka zikaombe ruhusa kwa seva ya mtengenezaji. Dawa ya mawili ya kwanza ni DNS ya ndani kwenye ruta na kuzima data ya simu. Dawa ya kamera ni kutoinunua.

Ushauri wangu kwa kila mteja, ambao wengi huucheka, ni huu: Jumamosi moja mchana, chomoa waya wa faiba, uache nyumba bila intaneti kwa saa nzima, uone ni nini hasa kinachoendelea kufanya kazi. Nimewahi kumwona mtu mzima akigundua kwa jaribio hilo kwamba "seva yake mwenyewe" ilikuwa inamtaka aingie kwa akaunti iliyo Marekani kabla ya kumwonyesha picha za harusi yake. Cheti cha TLS, hati inayoithibitishia simu kwamba inaongea na seva halisi, ambacho wengi hukihofia kwisha muda, si tatizo kubwa: cha shirika la Let's Encrypt hudumu siku 90 na kwa kawaida husasishwa kikiwa kimebakiza siku 30, kwa hiyo siku tano za kiza hazikiui.

Kuna ndugu wa dhana hii anayeudhi zaidi, nao ni wale wanaotaka WireGuard, programu ya VPN inayojenga njia ya siri ndani ya intaneti, ya kuwaunganisha na nyumbani ili wafungue mitandao iliyofungiwa. Mtandao wa X ulipofungwa nchini Mei 2025, niliulizwa hili karibu kila wiki. WireGuard ya nyumbani inakuchukua kutoka ulipo na kukutoa kwenye intaneti kupitia ruta yako ya Tabata. Kama kitu kimefungwa Tabata, utakuwa umesafiri kwa usimbaji fiche wa hali ya juu kabisa kwenda kugonga mlango uleule uliofungwa. Tena hiyo ni VPN kama VPN nyingine. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka watu na kampuni ambazo shughuli zao zinahitaji VPN wazitolee taarifa kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, na anayejenga njia ya namna hiyo kwenda ofisini kwake asilipuuze hilo kwa hoja kwamba pande zote mbili ni zake.

Watu huchanganya pia kuzimwa kwa intaneti na kukatika kwa mkongo, waya mkuu wa intaneti upitao chini ya bahari, ilhali ni mambo mawili tofauti, na katika la pili seva ya nyumbani ina faida ya kweli. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Upande wa kaskazini nao ulikuwa umeshapungua nguvu: Februari mwaka huohuo mikongo kadhaa, ukiwemo wa Seacom, iliharibiwa katika Bahari ya Shamu wakati meli ya Rubymar, iliyoshambuliwa na Wahouthi, ilipokuwa ikielea na kuburuta nanga yake. Mkongo ukikatika namna hiyo, kinachopotea ni njia ya kwenda ng'ambo. Njia za ndani ya nchi zipo palepale, na watoa huduma wanaokutana kwenye kituo cha kubadilishana mawasiliano cha Dar es Salaam, TIX, wanaweza kuendelea kupelekeana data bila kugusa bahari.

Kwa hiyo mwenye seva Tabata alipaswa kuifikia kutoka Dodoma siku ile bila wasiwasi. Mteja wangu mmoja, mwenye duka la vipuri, hakuweza kuifikia ya kwake kutoka dukani, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani. Alikuwa ameijenga mwenyewe kwa kufuata video, na kwa kuwa nyumba yake haikuwa na anwani ya IP ya umma, yaani namba ya kuifikia kutoka nje, aliipitisha kwenye handaki, njia ya data inayopitia seva ya mbali, linalokwenda Frankfurt, Ujerumani, na kurudi. Kwa maneno mengine, risiti za duka la Dar es Salaam zilikuwa zinavuka bahari mara mbili ili zisomwe Dar es Salaam. Alinilaumu mimi, ingawa sikuigusa kazi ile.

Kukosa anwani ya umma hakukuwa kosa lake. Hazina kuu ya dunia ya anwani za IPv4, aina ya zamani ya anwani za IP, iliishiwa Februari 2011, na tangu hapo watoa huduma wengi huwaweka wateja mamia nyuma ya anwani moja. Ukiona kwenye ruta yako anwani ya upande wa nje iko kati ya 100.64 na 100.127, basi uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma, ule mfumo wa kugawana anwani moja, na unaweza kufungua poti, yaani milango ya mtandao kwenye ruta, mpaka usiku wa manane bila chochote kuingia. Njia za kutoka ni tatu. Omba anwani ya umma isiyobadilika na uilipie. Au uliza kama wanatoa IPv6, aina mpya ya anwani, ambayo haina haja ya NAT hiyo. Au ukodi seva ndogo ndani ya nchi, uifanye kituo cha kupokezana, na nyumba ipige WireGuard kwenda huko ikijitambulisha kila baada ya sekunde 25 ili njia isifungwe. Mimi hupendelea hiyo ya tatu kwa sababu inadumu hata ukihama nyumba au ukibadilisha mtoa huduma.

Dhana nyingine nitazipitia kwa haraka, kwa sababu hazinikoseshi usingizi.

"Mimi ni mtu mdogo, nani ataniingilia?" Hakuna anayekutafuta wewe. Tangu mwaka 2013, programu ya ZMap kutoka Chuo Kikuu cha Michigan ilionyesha kwamba kompyuta moja yenye laini ya gigabiti inaweza kupita anwani zote za umma za IPv4 kwa chini ya dakika 45. Mirai, programu hasidi ya mwaka 2016, ilijikusanyia jeshi la kamera na ruta kwa kujaribu orodha ya majina na nywila takriban 60 za kiwandani, na Oktoba 21 jeshi hilo likaiangusha kampuni ya DNS ya Dyn pamoja na tovuti kubwa zilizoitegemea. Kuhamisha SSH, njia ya kuiendesha seva kutoka mbali, kwenda poti nyingine kunapunguza tu kelele kwenye kumbukumbu za majaribio ya kuingia. Usifungue poti yoyote isipokuwa ya WireGuard, ambayo haimjibu kabisa asiye na ufunguo.

"Nina diski mbili za RAID, kwa hiyo nina nakala rudufu." Huna. RAID ya aina hiyo huandika kitu kilekile kwenye diski zote mbili kwa pamoja. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, RAID inalifuta kwenye diski zote mbili kwa uaminifu mkubwa. Machi 10, 2021, kituo cha data cha kampuni ya OVH kilichoko Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na walioumia zaidi ni wale ambao nakala zao zilikuwa mahali palepale. Weka diski ya tatu kwa shangazi Morogoro, na kila baada ya miezi mitatu jaribu kurejesha faili kutoka kwake.

"Nitaendesha na barua pepe yangu mwenyewe." Poti 25, inayotumika kupelekeana barua pepe, mara nyingi imefungwa na mtoa huduma, anwani za majumbani ziko kwenye orodha za wasioaminiwa, na jina la kinyume la DNS, linaloonyesha anwani yako ni ya nani, huna mamlaka nalo. Barua zako zitaishia kwenye taka za wapokeaji bila wewe kujua. Mimi niliyeijenga kazi hii miaka mingi nalipia barua pepe.

"Seva italeta bili kubwa ya umeme." Inategemea umenunua nini. Kompyuta ndogo ya wati 10 inayowaka usiku na mchana hutumia uniti 7.2 kwa siku 30. Ile kompyuta ya mezani uliyopewa na ofisi, ikila wati 80, itamaliza karibu uniti 58, na kwa mteja wa TANESCO wa matumizi madogo, ambaye hatakiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi, hilo ni janga. Ninachokipendekeza ni laptopu kuukuu yenye betri nzima, iliyowekewa kikomo cha kuchaji cha asilimia 80 ili betri isivimbe, kwa sababu ina UPS yake ndani, yaani betri ya akiba umeme ukikatika. UPS utakayonunua iende kwenye ruta na kile kisanduku cha faiba ukutani, ambacho karibu kila nyumba ninayoingia kimesahaulika na kuchomekwa moja kwa moja kwenye soketi.