Barafu ikishaondoka Minnesota: pima joto la maji kabla ya kutupa ndoano

Kuanzia katikati ya Machi, swali ninaloulizwa sana na wenzetu wanaoishi Minneapolis, Brooklyn Park na Rochester ni moja: samaki wameanza kula? Jibu halipo kwenye kalenda. Kuna mwaka maziwa ya kusini mwa jimbo huwa wazi kabla Machi haijaisha, na kuna mwaka kama 2013 ambapo msimu wa samaki aitwaye wolai ulifunguliwa katikati ya Mei huku baadhi ya maziwa ya kaskazini yakiwa bado na barafu. Anayefuata tarehe atakosea mara nyingi kuliko atakavyopatia. Kifaa cha kununua kwanza ni kipimajoto cha maji, hata kabla ya ndoano nzuri.

Aliyekulia Kisumu, Mwanza au Kigoma amezoea ziwa ambalo joto lake hupanda na kushuka nyuzi chache tu mwaka mzima. Kule mvuvi hutazama mwezi, upepo na mvua. Hapa ziwa hutoka kwenye barafu hadi nyuzi 20 kwa muda wa wiki nane au tisa hivi, na kila linapopanda nyuzi tatu nne, aina nyingine ya samaki huhama, hutaga au huanza kula. Nitatumia Selsiasi, ila vifaa vingi vya huku husoma Farenhaiti, kwa hiyo nitataja zote pale inapohitajika.

Anza na maji yenyewe. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 (39 za Farenhaiti). Yakipoa kupita hapo huwa mepesi na kupanda, ndiyo sababu barafu hukaa juu na samaki wakaishi chini yake. Jua la machipuko kwanza huyeyusha theluji iliyofunika barafu, kisha mwanga hupenya. Kingo huachia mapema kwa sababu ardhi nyeusi hunyonya joto, na barafu iliyobaki hugeuka kuwa vipande virefu vilivyosimama kama mishumaa iliyofungwa pamoja. Barafu ya namna hiyo ni mtego. Kanuni ya inchi 4 za barafu safi kwa mtu anayetembea kwa miguu ni ya barafu mpya ya mwanzo wa baridi. Barafu ya mwisho wa msimu inaweza kuwa nene mara tatu ya hiyo na bado ikakuachia. Ukiiona imekuwa nyeusi au kijivu, imejitenga na ufuko, usiikanyage.

Barafu ikishaondoka, maji ya juu hupanda kutoka sifuri hadi nyuzi 4, yakawa na uzito sawa na ya chini. Hapo upepo mmoja mkali hulichanganya ziwa lote na kupeleka oksijeni hadi chini. Ziwa Victoria nalo huchanganyika hivyo, ila kule kazi hiyo hufanywa zaidi na pepo za kusi kati ya Juni na Agosti. Wavuvi wa kule wanajua kwamba maji yenye oksijeni kidogo yakiinuka ghafla, sangara ndiye wa kwanza kuelea, wakati kamongo anavuta hewa yake juu bila wasiwasi. Huku samaki waliokufa ukingoni mwezi wa nne kwa kawaida walikufa chini ya barafu. Theluji nene ilizuia mwanga, mimea ikaacha kutoa oksijeni, na uozo ukamaliza iliyokuwepo. Hutokea kwenye maziwa ya kina kifupi. Ukiona mizoga mingi, hamia ziwa lenye kina zaidi mwaka huo.

Kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili, joto la ziwa huwa karibu sawa toka juu hadi chini. Maana yake kwa mvuvi ni kwamba kina hakimpi samaki faida yoyote ya joto. Faida iko kwenye ghuba ndogo, zenye maji ya mita moja hadi mbili, tope jeusi chini, na mlango mwembamba unaozuia maji baridi ya ziwa kuu yasiingie. Zilizo bora ziko upande wa kaskazini wa ziwa, kwa sababu zinapigwa na jua la kusini mchana kutwa na zimekingwa na upepo wa kaskazini. Alasiri ya jua, ghuba kama hiyo inaweza kuwa na joto la nyuzi kadhaa zaidi ya ziwa kuu, na wadudu huanza kutambaa kwenye tope. Visamaki vidogo huwafuata wadudu, na wakubwa hufuata visamaki.

Kupima kuna namna yake. Kipimo cha juu ya maji saa tisa alasiri hudanganya, kwa sababu ni utando mwembamba tu uliochomwa na jua. Funga kipimajoto ndani ya kikopo kidogo kisicho na kifuniko, kining'inize wima kwenye kamba yenye alama kila nusu mita, ongeza chubwi ili kizame, kishushe hadi kina unachotaka kuvua na ukiache dakika tatu. Kikopo hupanda na maji ya kule chini, kwa hiyo namba haibadiliki kabla hujaisoma. Pima sehemu tatu: mlangoni mwa ghuba, katikati, na pembe ya kaskazini. Tofauti ya nyuzi mbili tu inatosha kukuonyesha pa kusimama.

Samaki wa kwanza wa maana kwa anayevua ufukoni ni krapi, samaki bapa mwenye madoa meusi na mdomo laini kama karatasi. Maji yakiwa kati ya nyuzi 7 na 12 (45 hadi 54), huingia kwenye ghuba hizo kula, si kutaga. Wengi huwakosa kwa kutumia vifaa vizito. Mshipi unaohimili ratili 4 unatosha, na jigi, yaani ndoano yenye kichwa cha risasi, iwe ya gramu moja hadi mbili. Ining'inize chini ya kiboya kidogo, sentimita 40 hadi 80 kutoka juu. Kwenye maji baridi krapi hutazama juu na hupanda kufuata chambo, lakini ni nadra ashuke kukitafuta, kwa hiyo ukikosea, kosea kwa kuwa juu zaidi. Tupa, vuta nusu mita taratibu, acha hadi uhesabu kumi, vuta tena. Kiboya kikilala ubavu badala ya kuzama, samaki amekiinua chambo: vuta. Vuta kwa mkono mwepesi, mdomo ule huchanika. Saa nzuri ni kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja jioni. Kuamka alfajiri mwezi wa nne kuvua krapi ni kujitesa bure.

Baridi ikirudi ghafla, anga ikawa ya buluu kabisa na upepo wa kaskazini ukavuma, ghuba hupoa usiku mmoja na krapi huondoka. Hawaendi mbali. Watafute kwenye mteremko wa kwanza nje ya mlango, mita tatu hadi nne, wakiwa wamelala juu kidogo ya sakafu ya ziwa. Kiboya cha kuteleza, kinachopanda mshipi hadi kwenye fundo ulilofunga, hukufikisha huko. Huchukua siku mbili tatu za jua kabla hawajarudi.

Wolai ndiye anayetafutwa na jimbo zima. Ni samaki rasmi wa Minnesota tangu 1965. Jicho lake lina utando unaorudisha mwanga, kwa hiyo huona vizuri gizani na kwenye maji yaliyochafuka, na hilo ndilo humwongoza maisha yake yote. Hutaga maji yakiwa nyuzi 6 hadi 10 hivi, usiku, kwenye kokoto na mawe ya ukubwa wa ngumi yanayopigwa na mawimbi au mkondo, mara nyingi pasipofika mita moja na nusu. Halindi mayai. Huyaacha yaingie katikati ya mawe, na katika maji baridi huchukua wiki mbili hadi tatu kuanguliwa. Ndiyo maana msimu wake kwenye maziwa ya ndani, yaani yasiyo ya mpakani, hufungwa mwishoni mwa Februari na kufunguliwa Jumamosi inayotangulia wikendi ya Memorial Day (Jumatatu ya mwisho ya Mei) kwa wiki mbili, yaani kati ya tarehe 9 na 15 Mei.

Siku hiyo ya ufunguzi watu wengi hukimbilia kina cha mita saba au nane kwa sababu ndiko walikopata samaki Julai iliyopita. Mwaka wa machipuko yaliyochelewa, madume bado wako karibu na mawe ya kutagia, na majike wametoka kupumzika kwenye miteremko ya jirani. Mimi huangalia kwanza midomo ya vijito, rasi za kokoto, na upande unaopokea upepo, kati ya mita moja na nusu na nne. Upepo wa siku mbili kutoka kusini husukuma maji ya joto ya juu hadi ufuko wa kaskazini, na mawimbi yake hufifisha mwanga, kwa hiyo wolai hula hata mchana. Ziwa likitulia kama kioo, subiri jua lizame, ambalo katikati ya Mei huzama kama saa mbili na nusu usiku, na saa moja baada ya hapo ndiyo saa ya kazi.

Chambo ni kisamaki hai cha sentimita sita hadi nane, kilichopitishwa ndoano mdomoni, kwenye jigi ya gramu tatu na nusu (moja ya nane ya aunsi), mshipi wa ratili 6. Ruba hupendwa sana huku, lakini kwenye maji yaliyo chini ya nyuzi 10 (50) hujikunja akawa kama gololi, na wolai hamgusi. Subiri mwisho wa Mei ndipo umtumie. Nyungunyungu vivyo hivyo. Kosa lingine ni mwendo. Damu ya samaki ina joto la maji aliyomo. Kwenye nyuzi 8 hawezi kukimbiza kitu wala kumeng'enya haraka. Inua jigi kiganja kimoja, iache ishuke mshipi ukiwa umenyooka kidogo, ilale chini sekunde tatu. Kuuma kwake mara nyingi ni uzito tu, kama umenasa jani bichi.

Mito ina hesabu nyingine. Huachia barafu mapema, na sehemu ya Mississippi iliyo mpakani na Wisconsin, hasa Red Wing chini ya bwawa namba 3, wolai huruhusiwa mwaka mzima. Machi na Aprili samaki hupanda mto hadi wazuiwe na bwawa. Theluji ikiyeyuka kwa kasi, maji hupanda na kuwa na rangi ya chai ya maziwa, na wageni hudhani uvuvi umeisha. Samaki wamekimbia tu mkondo. Wako pembeni kabisa, nyuma ya kuta za mawe zilizojengwa kuelekeza mto, kwenye miti iliyofurikwa, na pale maji yanapozunguka kurudi nyuma. Uzito wa jigi huamuliwa na mkondo: ikigusa chini kila baada ya sekunde mbili tatu, umepata. Usipoisikia kabisa, ongeza uzito. Ikinasa kila mara, punguza. Kwenye mita tano za maji yanayokimbia, gramu 7 hadi 10 ndizo za kuanzia, ukiacha mtumbwi uende kwa kasi ileile ya mkondo ili mshipi ubaki wima. Rangi ya manjano kali au chungwa huonekana vizuri zaidi kwenye tope. Na kaa mbali na maboya ya onyo karibu na bwawa. Magogo mazima huteremka na mto wakati huo, mengine yakiwa yamezama nusu.

Hapa lazima niseme kuhusu maji baridi, kwa sababu wanaojua kuogelea ndio hujiamini kupita kiasi. Ukianguka kwenye maji ya nyuzi 5, una kama dakika moja ya kuhema ovyo kabla hujaweza kutawala pumzi, dakika kumi hivi za mikono inayokutii, na kama saa moja kabla ya kupoteza fahamu. Wengi huzama katika zile dakika za mwanzo, kabla mwili haujapoa. Jaketi okozi livaliwe. Likiwa chini ya kiti halisaidii. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 10, kulivaa mtumbwini ni sheria.

Kanuni zisomwe upya kila mwaka kwenye kitabu cha Idara ya Maliasili, kwani maziwa kama Mille Lacs yana zake. Leseni huhitajika kuanzia miaka 16, na kwenye maziwa ya ndani yasiyo na barafu mtu huvua kwa mshipi mmoja tu. Maji ya ziwa hayasafirishwi: toa kizibo cha mtumbwi kabla ya kuingia barabarani, mwaga maji ya ndoo ya chambo, weka mengine uliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Wolai jike mkubwa, wa inchi 20 na zaidi, ni heri arudi majini hata pale kanuni inapokuruhusu mmoja. Nyama tamu iko kwa wa inchi 14 hadi 18, na mkubwa amekusanya zebaki nyingi zaidi, jambo linalowahusu hasa wajawazito na watoto.

Maji yakifika nyuzi 16 hadi 20 (61 hadi 68), krapi dume hugeuka mweusi na kulinda kiota karibu na matete. Zikizidi hapo, sanfishi, samaki wadogo bapa wa huku, huchimba mashimo yao ya duara kwenye changarawe, mengi pamoja, na unaweza kuyaona ukisimama ufukoni. Huo ndio wakati wa kuwapata kirahisi kuliko wote, na ndio wakati ziwa huharibiwa. Dume mkubwa akitolewa kiotani, mayai huliwa na samaki wa jirani, na madume wadogo, wakiwa hawana tena mkubwa wa kushindana naye, huanza kuzaliana wakiwa bado wafupi na huacha kukua. Baada ya miaka michache ziwa hujaa sanfishi wa ukubwa wa kiganja cha mtoto. Chukua wa kati kwa ajili ya sufuria, inchi 6 au 7, na wale madume wakubwa wenye kifua cha chungwa warudishe palepale juu ya shimo lao.