Linki ni kibao cha daladala: anwani, maandishi na kadi

Juzi pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mama mmoja muuza dagaa alinipa simu yake. Alikuwa ametumiwa ujumbe wa mistari minne, herufi, namba na alama za asilimia zimebanana bila nafasi, na chini yake neno moja tu: "Muhimu." Akaniuliza, "Mwanangu, hii niibonyeze au niiache? Maana bando lenyewe ni la kuungaunga."

Swali lake ndilo kiini cha jambo hili. Linki, au kiungo kwa Kiswahili cha vitabuni, ni maandishi au picha ambayo ukiibonyeza inakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Ndani yake kuna vitu viwili ambavyo wengi huvichukulia kuwa kimoja: anwani, yaani mahali inakokwenda kweli, na kile jicho lako linachokiona. Fikiria daladala ya Nyegezi. Kibao cha mbele kinasema Nyegezi, nawe unapanda ukikiamini, lakini anayeipeleka gari ni dereva. Maandishi ya linki ni kibao, anwani ni dereva. Kwa kawaida wanapatana. Siku wasipopatana, utashukia usikokujua.

Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyebuni wavuti akiwa CERN, maabara ya utafiti wa fizikia huko Uswisi, mwaka 1989, ndiye aliyetuachia anwani hizi zenye mikwaju miwili baada ya https na nukta pacha. Mkwaju ndiyo ile alama tunayoiita slashi. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba mikwaju ile miwili haikuwa ya lazima. Wino wote uliomwagika! Rangi ya bluu tunayoihusisha na linki ilienea kupitia Mosaic, kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, cha mwaka 1993 kilichotoka Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Siku hizi watengeneza tovuti wengi wanapenda kuondoa ule mstari wa chini na kuacha rangi peke yake, eti ukurasa upendeze. Waje wasimame Mwaloni saa saba mchana, jua la ziwani likipiga kioo cha simu, waone kama bluu na nyeusi zinatofautiana. Mstari unabaki, rangi inapotea. Na kwa asiyeona rangi vizuri, kwake ni mchana wa saa saba kila siku.

Sasa kibao chenyewe. Kosa kubwa kuliko yote ni "bofya hapa". Hapa wapi? Wasioona hutumia programu zinazosoma kioo kwa sauti, na nyingi zinaweza kuwasomea orodha ya linki peke yake, bila sentensi zinazozizunguka. Ukurasa wenye linki kumi za namna hiyo unamsomea mtu "bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa" mpaka achoke. Badala yake, maneno yanayobonyezwa yaseme kilichopo upande wa pili: "ratiba ya kivuko cha Ukerewe", "fomu ya mkopo, PDF, kurasa 6". Hilo neno PDF si urembo. Mwenye bando dogo anataka kujua kama anafungua ukurasa wa maandishi au anapakua faili, na kama ni video aambiwe mapema.

WhatsApp haikupi nafasi ya kuficha anwani nyuma ya maneno. Ukiibandika, inaonekana ilivyo. Kwa hiyo kibao ukiandike mwenyewe: sentensi moja kwanza, linki chini yake kwenye mstari wake. Usiimalizie linki kwa nukta wala kuifunga kwa mabano, kwa sababu baadhi ya programu huimeza ile alama na kuifanya sehemu ya anwani, na msomaji akibonyeza anaambiwa ukurasa haupo.

Kitu cha tatu ni kadi: kile kiboksi chenye picha, kichwa na maelezo mafupi kinachojitokeza ukibandika linki. Wengi wanadhani WhatsApp au Facebook ndiyo inayoitunga. Kwa kweli programu inakwenda kwenye ukurasa ule na kusoma vidokezo ambavyo mwenye tovuti ameviweka pembeni, visivyoonekana na msomaji. Mtindo wa vidokezo hivyo unaitwa Open Graph, na Facebook ndiyo iliyouleta mwaka 2010. Kuna kidokezo cha kichwa, cha maelezo na cha picha. Mwenye tovuti asipoviweka, kadi inakuja tupu au inaokota picha yoyote, ndiyo maana tangazo la msiba linaweza kutokea na picha ya tangazo la soda. Kwenye WhatsApp kadi inaandaliwa na simu ya mtumaji, kwa hiyo ukibandika na kutuma papo hapo mtandao ukiwa mzito, wenzako watapata anwani kavu. Ngoja sekunde chache, kadi itokee, ndipo utume. Ukibadilisha picha kwenye tovuti na kadi ikaendelea kuonyesha ya zamani, usishangae. Programu nyingi huhifadhi kadi ya mara ya kwanza kwa muda.

Kadi nayo ni kibao tu. Aliyeitunga ni mwenye ukurasa, na tapeli naye anajua kuweka picha ya nembo ya taifa. Kwa hiyo lazima tumtazame dereva usoni. Ruka ile mikwaju miwili ya mwanzo, tafuta mkwaju unaofuata, kisha soma kutoka hapo kurudi kushoto. Maneno yaliyo jirani na mkwaju huo ndiyo yanayomtaja mwenye mji. Anwani inayoanza na mwanza.go.tz kisha mkwaju ni ya serikali, kwa kuwa go.tz imetengwa kwa taasisi za serikali ya Tanzania. Lakini nikitunga mwanza.go.tz.zawadi-ya-bure.xyz, mwenye mji ni zawadi-ya-bure.xyz, na hiyo Mwanza imening'inizwa mbele kama pambo. Kuhusu https: inamaanisha mazungumzo yenu hayasikilizwi njiani. Haimaanishi unayezungumza naye ni mwaminifu.

Linki fupi, zile za Bitly na TinyURL, zina nafasi yake kwenye bango la ukutani, ambako mtu anaiandika kwa mkono. Ndani ya ujumbe wa simu ni mbuzi kwenye gunia: unakubali kabla ya kuona, na mimi binafsi nikizikuta bila maelezo naziacha. Hata kwenye bango, angalia herufi kubwa na ndogo, kwa sababu baada ya mkwaju mara nyingi zinahesabiwa kuwa herufi tofauti.

Tulipoufungua ujumbe wa yule mama kwa macho, bila kubonyeza, mwenye mji alikuwa taasisi ya serikali kweli. Sehemu kubwa ya urefu ilianzia kwenye alama ya kuuliza: utm hii, fbclid ile, mikia inayoongezwa ili kujua msomaji ametokea wapi. Ya namna hiyo inakatika bila madhara. Si kila mkia unakatika, lakini. Kwenye YouTube, kile kinachofuata v= baada ya alama ya kuuliza ndicho kinachoitambulisha video, ukikiondoa umebaki mlangoni. Zile alama za asilimia, %20, ni nafasi tu kati ya neno na neno kwenye jina la faili.

Nikaikata mikia, nikajaribu, ikafungua. Tukaituma upya kundini ikiwa na mstari mmoja juu yake: "Fomu ya mafunzo ya kuanika dagaa kwenye vichanja, PDF, ukurasa 1." Mama akaichukua simu yake, akarudi kwenye magunia.