Nyama anayoiba nyigu haili mwenyewe

Nyigu mwenye milia ya njano na nyeusi akitua juu ya nyama mezani, kila mtu husema: anakula. Mtazame kwa karibu. Anakata kwa taya kipande anachoweza kuruka nacho, anaondoka, na baada ya muda yuko palepale. Kiuno chake chembamba hakipitishi chakula kigumu. Nyigu aliyekomaa huishi kwa vimiminika. Nyama hiyo ni ya majana, yaani watoto wa nyigu ambao bado ni mabuu, kiotani. Hata akikamata nzi, humkata kichwa, mabawa na miguu, akabaki na kifua chenye misuli minono, akakitafuna mpaka kiwe donge.

Majana nao hulipa: hutema matone yenye sukari na asidi za amino, walezi wakayanywa.

Malipo hayo yanajibu dhana nyingine, kwamba mwishoni mwa kiangazi nyigu huandama soda na matunda kwa uchokozi tu. Katika nchi za baridi, majira hayo majana hupungua huku vibarua, yaani nyigu wakubwa wanaowalea, wakiwa wengi mno. Matone hayatoshi, basi wanatafuta utamu popote, hata kuiba asali mizingani. (Kopo la soda lililoachwa wazi, lichungulie kabla ya kunywa.)

“Ondoa chakula, ataondoka.” Wapi! Amekariri mahali penyewe, naye atarudi kuzungukazunguka juu ya meza tupu.

Wengi pia hudhani akikuta sisimizi kwenye chakula atawang'ata au kuwadunga. Kituko ninachokipenda kuliko vyote kiliripotiwa na watafiti wa New Zealand mwaka 2011: nyigu wa aina ya Vespula vulgaris humbeba sisimizi kwa taya, huruka kinyumenyume, humdondosha kando, kisha hurejea mezani. Sisimizi kwa kawaida haumii. Anajikuta tu mbali na chakula, na yule mkubwa keshashika nafasi.

Na wanaosema nyigu hana kazi na maua? Kuna okidi iitwayo Epipactis helleborine inayotoa harufu ya majani yaliyotafunwa na viwavi. Nyigu hufika akiwinda kiwavi, asimwone, akaambulia nekta, na huondoka na chavua imemganda kichwani.