Matope ya Mikoko Nayo ni Neema
Hapa Lamu wengi hudhani kwamba wema wa Mwenyezi Mungu huonekana kwenye mchanga mweupe wa ufuo wa Shela, ilhali mikoko, kwa matope na harufu yake, ni sehemu isiyo na uzuri wowote. Dhana hiyo ina kasoro, kwa kuwa inaupima uzuri kwa starehe ya jicho peke yake. Mche wa mkoko huota ungali unaning'inia kwenye mti mzazi, ukarefuka, kisha hudondoka matopeni ukiwa tayari kushika mizizi. Mchu nao, aina nyingine ya mkoko, hutoa chumvi kupitia majani yake, hata chembe zake zikaonekana juu ya jani. Baina ya mizizi hukulia samaki wachanga, kaa na kamba, ambao ni riziki ya wavuvi wetu, na boriti za mikoko zimebeba dari za nyumba za mawe kwa karne nyingi. Harufu yenyewe hutokana na bakteria wanaoozesha majani matopeni. Mimi, nikiri wazi, huuona ukarimu wa Mola hapo zaidi kuliko ufuoni, kwani hapo hulishwa hata kiumbe asiyetazamwa na mtu.