Friza ya pweza, joto la Ulaya na gesi ya Lindi

Ukienda soko la samaki la Feri, Mtwara, zunguka nyuma ya friza ya muuza pweza uweke kiganja. Ndani pweza amekuwa jiwe, huku nyuma panafukuta. Sehemu ya joto hilo imetoka kwa pweza. Friza hulibeba kutoka ndani na kulimwaga nje, na umeme ni nauli tu ya safari hiyo.

Esbjerg, mji wa bandari nchini Denmark, unafanya hivyohivyo na bahari. Katika miji ya huko, maji ya moto hupita kwenye mabomba chini ya barabara kutoka kituo kimoja na kuingia majumbani kupasha vyumba joto. Zamani Esbjerg ilitegemea sana makaa ya mawe. Sasa pampu za joto, yaani mashine zinazohamisha joto kama friza ile, zenye uwezo wa megawati 70, huchota joto kwenye maji ya bahari, la kutosha nyumba zipatazo 25,000. Na kinachozunguka ndani ya mashine hizo ni hewa ya ukaa, ileile inayolaumiwa kila siku!

Je, inalipa? Uniti moja ya umeme ikiingia kwenye pampu, hutoka takribani uniti tatu za joto. Kwa hiyo, kwa gharama ya uendeshaji, pampu hulishinda boila la gesi mradi bei ya uniti ya umeme haizidi mara tatu ya ile ya gesi. Kodi ya umeme ikiwa kubwa, hesabu inageuka. Riba ya mkopo ikipanda pia, maana fedha nyingi hutoka siku ya kwanza.

Kinachokula fedha zaidi ni mtaro wa kulaza mabomba. Mita moja huchimbwa kwa gharama ileile, iwe mbele yake kuna ghorofa la familia 40 au kibanda kimoja. Bomba la gesi ya kupikia hapa Mtwara nalo lina hesabu hiyohiyo. Halafu mitandao ya mabomba ya zamani ilijengwa kwa maji ya moto sana, ilhali pampu hufanya kazi kwa nafuu maji yakiwa ya nyuzi 60 au 70. Kwa maji ya joto hilo dogo, nyumba zinazovuja joto inabidi zikarabatiwe kwanza, na hapo ndipo ugomvi huanza: kampuni inayouza joto inaokoa, mwenye nyumba analipa.

Lindi inahusikaje? Mradi wa kusindika gesi kuwa kimiminika unaopangwa Likong'o utahitaji wanunuzi kwa miongo kadhaa. Sehemu ya gesi inayonunuliwa Ulaya huchomwa wakati wa baridi kupasha nyumba joto, na kila mji unaohamia pampu unapunguza oda yake. Sisemi mradi usijengwe. Asia inanunua, na viwanda vya mbolea vinahitaji gesi. Nasema kifungu kimoja kisomwe mara mbili: kile kinachomtaka mnunuzi alipie kiasi walichokubaliana, achukue asichukue. Kikiwa legevu, siku mji wa mnunuzi utakapoweka pampu zake, gharama ya mageuzi hayo itatua Likong'o.