Programu ya Biblia: anza na swali lako, halafu simu yako

Wachungaji na makatekista wa hapa Malindi wakinijia maktabani, ombi lao huwa moja: "Mwalimu, niwekee programu nzuri ya Biblia." Kabla sijagusa simu ya mtu, humuuliza anakwama wapi anapotayarisha mahubiri. Mmoja atasema anaikumbuka aya lakini hajui iko wapi. Mwingine anataka kujua Mafarisayo walikuwa watu gani hasa. Wa tatu ana hamu ya Kigiriki. Hao ni watu watatu wenye mahitaji matatu, na programu iliyomfaa jirani yako yaweza kukulia nafasi yote ya simu bila kukusaidia kitu.

Mimi natunza maktaba ya chuo kidogo cha Biblia. Vitabu vya karatasi navipenda, ila pwani hii haivipendi: unyevu unavivimbisha na mchwa wanamaliza kazi. Kwa hiyo vitabu vya kidijitali kwetu si fasheni.

Sharti langu la kwanza ni kwamba programu ifanye kazi bila intaneti. Mtu anayehubiri vijijini kama Marafa au Langobaya hawezi kusimama mbele ya watu akingoja mtandao urudi, na bando nalo lina gharama. Kwa simu za Android napendekeza AndBible. Ni ya bure, haina matangazo, na ukishapakua Biblia na vitabu vyako ukiwa mjini umemaliza. MySword nayo ni nzuri kwa simu hizo hizo. Mwenye kompyuta ya Windows ana e-Sword, ambayo imekuwako tangu mwaka 2000 na haimtozi mtu. YouVersion karibu kila mtu anayo tayari. Ni programu ya kusoma na kusikiliza, na kwa kusoma sina neno nayo. Kwa kuchimba, utahitaji nyingine.

Yoyote utakayochagua, hakikisha kwanza Biblia ya Kiswahili unayohubiria inapatikana ndani yake kihalali. Union Version ya 1952 ina wenyewe, yaani vyama vya Biblia, na si kila programu imepewa ruhusa ya kuiweka. Wengi hugundua hilo baada ya kupakua kila kitu kingine.

Sasa tuje kwenye kutafuta, maana hapo ndipo programu inapolipa. Programu hizi nyingi zimetengenezwa na watu ambao maneno yao hubadilika mwishoni. Kitenzi chetu huvaa viambishi mbele na nyuma. Ukiandika "samehe" huku programu imewekwa itafute neno zima, utapata karibu na bure, kwa sababu Mathayo 6:12 ina "utusamehe" na "tuwasamehevyo", na Luka 23:34 ina "uwasamehe". Nenda kwenye mipangilio ya utafutaji uchague sehemu ya neno. Programu nyingine hutaka nyota pande zote mbili: *samehe*. Kazi ya nusu dakika, na orodha inajaa mara moja.

Lakini hata orodha hiyo haijatimia. Waefeso 1:7 katika Union Version inasema "masamaha ya dhambi", kwa hiyo "samehe" haitaikamata. Matendo 2:38 ina "ondoleo la dhambi". Nayo 1 Yohana 1:9, aya inayotajwa kila mahali pa toba, inasema "atuondolee dhambi zetu". Mhubiri aliyetegemea Kiswahili peke yake ataandaa somo zima la msamaha na aya hiyo isimtokee.

Dawa yake ni namba za Strong. James Strong alichapisha itifaki yake kubwa, yaani orodha ya maneno ya Biblia na aya yalimo, mwaka 1890, akaliwekea kila neno la Kiebrania na la Kigiriki namba yake. Kwa kawaida namba hizo utazikuta zimeunganishwa na Biblia za Kiingereza kama King James, kwa hiyo itabidi upite njia ya mzunguko. Fungua Mathayo 6:12 katika King James yenye namba, gusa neno la kusamehe, utaona 863. Iambie programu ikutafutie 863 katika Agano Jipya lote. Sasa 1 Yohana 1:9 itajitokeza, kwa kuwa Kigiriki chake ni kitenzi kile kile. Waefeso 1:7 na Matendo 2:38 zina namba 859, ambayo ni nomino ya kitenzi hicho. Kisha rudi kwenye Biblia yako ya Kiswahili usome kila aya na jirani zake. Mwenye kompyuta atafanya haya kwa urahisi zaidi kwa STEP Bible, iliyotengenezwa na Tyndale House ya Cambridge. Inafunguka kwenye kivinjari, na pia unaweza kuiweka ndani ya kompyuta ukaitumia hata siku mtandao umekatika.

Na hapa ndipo nawazuia wanafunzi wangu. Namba 863 iko pia Mathayo 4:20, wanafunzi wanapoziacha nyavu zao, na Mathayo 8:15, homa inapomwacha mkwewe Petro. Mhubiri wa mji wa wavuvi akiona hivyo tu, tayari ana mahubiri: kusamehe ni kuacha nyavu! Hapana. Namba inakuonyesha mahali neno linapotumika; maana inatokana na sentensi lilimokaa. Kitenzi kimoja hubeba kazi nyingi, na hazibebwi zote kila mahali kinapotokea.

Kuna kero nyingine inayowachanganya hata walio wazoefu. Ukiweka Biblia ya Kiswahili na maandishi ya Kiebrania bega kwa bega, utafika Zaburi 51 uone mistari haiendi sawa. Kiebrania huhesabu kichwa cha zaburi kama sehemu ya mistari, kwa hiyo "Ee Mungu, unirehemu", mstari wa 1 kwetu, ni mstari wa 3 kule. Yoeli 2:28, "nitamimina roho yangu", katika Kiebrania ni 3:1. Malaki ya Kiebrania ina sura tatu tu, yetu ina nne. Programu nzuri inajua tofauti hizi na kuzioanisha yenyewe. Nikitaka kuipima programu mpya nafungua Yoeli 2:28 kwanza. Ikinionyesha Kiebrania cha mstari mwingine, naifuta.

Wakatoliki, na dayosisi yetu ya Malindi inafika mpaka Lamu, waangalie jambo moja la ziada: kama Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo vimo. Union Version haina. Biblia ya Habari Njema ina toleo lenye vitabu hivyo na toleo lisilo navyo.

Kuhusu vitabu vya ufafanuzi, cha bure mara nyingi ni cha zamani, na kinatolewa bure kwa sababu haki zake zimekwisha. Mfafanuzi Matthew Henry alifariki 1714. Ufafanuzi wa Jamieson, Fausset na Brown ni wa 1871. Wanafaa kwa tafakari, na Henry bado ana sentensi zinazomwamsha msikilizaji aliyesinzia, lakini hawakuwa na habari ya magombo ya Qumran (nakala za kale sana za Biblia na maandishi mengine) yaliyoanza kupatikana 1947. Ukiwa na swali la historia au la maandishi ya kale, usiwaulize hao. Gombo kubwa la Isaya, mojawapo ya hayo, limewekwa mtandaoni na jumba la makumbusho la Israeli tangu 2011, na Codex Sinaiticus, Biblia ya Kigiriki ya karne ya nne, ina tovuti yake yenye picha za kurasa zake. Katika mji wetu, ambako jirani Mwislamu anaweza kukuuliza kwa nia njema maandishi yenu ya kale yako wapi, ni vizuri uwe na kitu cha kumwonyesha kwenye simu. Kwa ufafanuzi wa karibuni unaotazama maisha ya huku, Africa Bible Commentary ya 2006, kazi ya wasomi sabini wa Afrika chini ya uhariri wa Tokunboh Adeyemo, inastahili pesa yako. Kiingereza chake hakisumbui.

Programu za akili mnemba siku hizi zinajibu kila swali kwa ufasaha. Zitumie kufupisha, lakini kila aya zinayotaja ifungue mwenyewe kabla hujaipeleka madhabahuni.

Pesa sasa. Kuna flashi zinazouzwa mkono kwa mkono zikidaiwa kuwa na maelfu ya vitabu vya Logos, programu kubwa ya kujifunza Biblia. Ni wizi wa kazi za watu, na mara nyingi zinakuja na virusi. Logos yenyewe ina toleo la bure. Matoleo makubwa tangu 2024 yanauzwa kwa malipo ya kila mwezi au mwaka, na kwa mshahara wa mchungaji wa kijijini simshauri mtu aingie huko. Ukitaka kununua kitabu kimoja kutoka nje na huna kadi ya benki, kadi ya M-Pesa GlobalPay inatosha.

Mwisho, hifadhi maandishi yako. BibleWorks, iliyokuwa kipenzi cha wasomi wa Kiebrania na Kigiriki, ilifunga duka mwaka 2018, na waliobaki nayo sasa wanaitumia bila kampuni nyuma yake. Mahubiri na maelezo yako usiyaache ndani ya programu tu. Kila mwisho wa mwezi yatoe kama maandishi ya kawaida, nakala moja iende kwenye barua pepe yako na nyingine kwenye flashi unayoiweka mahali pakavu.